Mgeni Mwenye Pete Mguuni

Mchana wa Jumamosi moja ya Julai, katika mji wowote wa kusini mwa Uingereza, mama Mswahili anatoka roshani kuanua nguo na kumkuta njiwa amejikunyata kando ya kikapu cha vibanio. Haruki. Anasogea hatua mbili, anageuza shingo, anamtazama mwenye nyumba kwa jicho moja la rangi ya chungwa, kisha anarudi kujikunyata palepale. Mguu mmoja una pete nyembamba yenye maandishi; wa pili una nyingine, nene, ya plastiki. Ndani ya dakika tano kila mtu nyumbani ana shauri lake. Watoto wanataka kumpa mkate uliochovywa kwenye maziwa. Baba anasema afukuzwe kabla hajachafua roshani nzima. Bibi, aliyekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu, anauliza kama amenona.

Wanamcheka bibi, lakini katika wote hao yeye ndiye aliyeuliza swali la maana.

Ndege huyo si yule njiwa wa stesheni anayedonoa chipsi zilizodondoka. Ukoo ni mmoja, maana njiwa wote wa kufugwa, njiwa manga kama Waswahili walivyowaita, wametokana na njiwa wa mwituni anayeishi kwenye majabali. Tofauti ni kwamba huyu ametoka katika mikono ya vizazi vingi vya wafugaji waliotafuta kitu kimoja tu: akili ya kurudi kwao. Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, Poland na Uingereza, kushindanisha njiwa ni mchezo wenye vyama vyake, makatibu wake, vikombe vyake na ugomvi wake. Ndege hupakiwa kwenye makreti, lori huwapeleka mamia ya kilomita, na asubuhi milango hufunguliwa kwa mpigo. Hakuna utepe wa kumalizia. Kila njiwa hurudi kwenye banda lake, kwa hiyo mshindi hupatikana kwa kugawanya umbali aliorushwa kwa muda aliotumia. Hali ya hewa ikiwa nzuri ndege hufanya kilomita 80 kwa saa na hata kupita hapo, na zile mbio maarufu za kimataifa za kutoka Barcelona huwataka baadhi yao waruke zaidi ya kilomita 1,000. Wapo waliogeuka mali hasa: Novemba 2020, njiwa jike wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6.

Mtu asiingiwe na tamaa. Msimu wa Uingereza huanza Aprili na kwisha Septemba. Miezi ya mwanzo hurushwa wakubwa, na kuanzia Julai ni zamu ya waliozaliwa mwaka huohuo. Ndiyo maana wageni wa roshani huongezeka kuanzia hapo. Aliyejikunyata kando ya vibanio pengine ana umri wa miezi mitano, hii ni safari yake ya tatu au ya nne, na bei yake inaweza isifikie hata nauli ya kumrudisha.

Kupotea si lazima liwe kosa lake. Upepo wa mbele humla nguvu, mvua humshusha, joto humkausha, nyaya za umeme humchana kidari, na kozi akilivamia kundi kila mmoja hushika njia yake na kujikuta peke yake juu ya nchi asiyoijua. Kuna siku hata mabingwa hushindwa. Tarehe 29 Juni 1997 chama cha Royal Pigeon Racing Association kilikuwa kikiadhimisha miaka 100. Njiwa zaidi ya 60,000 waliachiliwa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, warudi Uingereza. Makumi ya maelfu hawakuonekana tena. Mtafiti wa jiolojia wa Marekani, Jonathan Hagstrum, alikuja kutoa hoja kwamba njia yao ilikatwa na mshindo wa Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, iliyotoka Paris kwenda New York. Kwa maoni yake njiwa husikiliza sauti nzito mno, zisizosikika na binadamu, na kuzitumia kama ramani. Tarehe 19 Juni 2021 maelfu wengine walipotea Uingereza kwa siku moja, na wafugaji wengi wakalilaumu jua na dhoruba zake. Sababu iwe ipi, jioni ya siku kama hiyo paa za watu hujaa wageni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuwa na njiwa akilini, lakini hesabu yao inalingana karibu saa kwa saa na ya wafugaji wa Uingereza: njiwa aliyechoka apewe maji, nafaka na utulivu kwa saa 48, na wengi wataondoka wenyewe bila kuaga. Siku hizo mbili za kwanza kazi ya mwenyeji ni ndogo sana, na ugumu wake uko hapohapo, kwa sababu watu wenye huruma hushindwa kukaa bila kufanya kitu. Humbeba, humwogesha, humlisha kwa nguvu, humpiga picha hamsini, na ndege aliyekuja kupumzika akaishia kukimbizwa ndani ya chumba cha watoto.

Maji kwanza. Ndege aliyeruka mchana kutwa ameishiwa maji kabla hajaishiwa chakula. Bakuli liwe zito lisipinduke, na maji yafike kina cha sentimita tatu hivi. Mazoea ya kufuga kuku huwapoteza watu hapa. Kuku huchota tone, huinua kichwa na kuliacha literemke. Kila aliyekulia penye kuku amewaona, utadhani wanamshukuru Mungu kwa kila funda. Njiwa hana adabu hiyo. Huzamisha mdomo mpaka karibu na pua na kufyonza kwa mkupuo, kama ng'ombe aliyefika mtoni. Akiwekewa kisosi chenye maji ya kulowesha kidole tu, atabaki na kiu mbele ya maji. Akisita, kichwa kinaweza kuinamishwa taratibu mpaka ncha ya mdomo iguse maji, pua zibaki juu. Akionja mara moja, yaliyobaki anayajua mwenyewe. Maji yasimiminwe kooni kwa kijiko wala kwa bomba la sindano: tundu la kupitishia hewa liko nyuma tu ya ulimi, na matone machache yakipita huko yanaishia kwenye mapafu. Kwa aliyelegea sana yafaa maji vuguvugu yenye sukari kidogo na chembe za chumvi, ndugu ya yale ambayo akina mama wa Afrika Mashariki humnywesha mtoto anayeharisha.

Chakula kifuate baada ya maji, si kabla. Njiwa huhifadhi alichokula ndani ya gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, na nafaka kavu ndani ya gole la ndege aliyekauka hukaa tu bila kwenda mbele. Akishakunywa, apewe ngano, mtama, adesi, choroko, au mbegu za ndege zinazouzwa madukani. Mahindi ya bisi ambayo hayajakaangwa ni mazuri kuliko mahindi makubwa, kwa kuwa punje zake ni ndogo. Mchele nao unafaa, na hapa Kiswahili kinarahisisha kazi: ni mchele, si wali. Ile hofu kwamba mchele mbichi huvimba tumboni mwa ndege mpaka akapasuka haina msingi. Njiwa hula nafaka mbichi maisha yake yote. Gramu 30 kwa siku, yaani kama vijiko viwili vikubwa, zinamtosha. Mkate humjaza bila kumpa kitu, na maziwa si chakula cha ndege.

Hata hivyo, asiye na nafaka asikate tamaa. Desemba 2020, mjini Melbourne, Australia, bwana mmoja alimkuta njiwa aliyekonda uani kwake, akamvunjia biskuti kavu na kumwekea. Si chakula ambacho mfugaji angekichagua, lakini siku iliyofuata njiwa alikuwa bado yupo, mzima, anasubiri nyingine. Ndege huyo alikuja kuwa mashuhuri kwa sababu ya mguu wake, na habari zake zinakuja.

Kama ametua mahali pasipo na paka, aachwe hapohapo. Kumhamisha ni kwa ajili ya usiku, mvua, au ndege aliyeshindwa kabisa kusimama. Wakati mzuri wa kumshika ni magharibi, kwa kuwa njiwa hapendi kuruka gizani. Taulo jepesi hurushwa juu yake kwa utulivu, bila kumkimbiza. Malazi yake ni boksi la kadibodi lenye nafasi ya kugeuka, matundu ya hewa ubavuni na gazeti chini. Liwekwe chumba kimya, mwanga uwe hafifu, watoto wachungulie mara moja na kutoka. Jikoni hapafai. Kikaango kile kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa ambayo mtu anaweza asiisikie, nayo huua ndege kwa muda mfupi.

Sasa swali la bibi.

Njiwa hushikwa kwa viganja viwili juu ya mbawa, kisha mkono mmoja ukapita chini ili miguu ilale kati ya kidole cha shahada na cha kati, huku dole gumba likizuia ncha za mbawa juu ya mkia. Akishikwa hivyo hutulia, kwa sababu ndivyo alivyozoea tangu utotoni. Kidole cha mkono wa pili hupapasa kidari. Katikati unapita mfupa kama mkuku wa jahazi. Kwa njiwa mwenye afya nyama imejaa pande zote mbili na mkuku unasikika kidogo tu, kama mshono wa nguo. Kwa aliyedhoofu mfupa unakata kidole kama ukingo wa kisu, na pande zote mbili pamebonyea. Wa kwanza amechoka tu. Maji, nafaka na usingizi vitamponya. Wa pili amemaliza mafuta yake na ameanza kula misuli anayorukia, kwa hiyo zile saa 48 si zake, atahitaji siku nyingi zaidi na pengine daktari. Kinyesi nacho husema. Cha kahawia chenye kofia nyeupe ni cha ndege anayekula. Cha kijani kibichi, chenye majimaji mengi, kwa kawaida ni cha tumbo lisilo na kitu.

Mfano mzuri wa mwili wa njiwa kusomwa kama barua ni ule wa Winkie. Februari 1942 ndege ya kivita ya Uingereza ilianguka katika Bahari ya Kaskazini ikitoka Norway, na katika ajali hiyo njiwa huyu jike, aliyekuwa amebebwa humo, akatoka ndani ya kasha lake akiwa amelowa mafuta. Aliruka karibu kilomita 190 mpaka kwa mwenyewe, Broughty Ferry karibu na Dundee, akafika hoi. Jeshi la anga halikuwa na mahali pa kuanzia kutafuta. Kwa kulinganisha saa ya ajali na saa aliyofika, wakiuhesabu upepo na yale mafuta yaliyomlemea manyoya, walikadiria mahali ilipoangukia ndege na kuwaokoa waliokuwamo. Mwaka uliofuata Winkie akawa miongoni mwa wanyama wa kwanza kabisa kupewa Nishani ya Dickin. Somo kwa mwenye roshani ni dogo tu: kabla ya kumsafisha mgeni, atazamwe. Mafuta, damu kavu, manyoya ya mkia yaliyong'oka kwa mpigo, kila kimoja kinaeleza alikopitia, na mwenyewe atataka kujua.

Yapo mambo yasiyongoja siku mbili. Bawa linaloning'inia, mguu usiokanyaga, pumzi ya mdomo wazi hata baada ya kupumzika, hayo ni ya daktari wa mifugo au kituo cha kuokolea wanyama siku hiyohiyo. Zaidi ya yote, paka. Alama ya jino la paka inaweza kuwa ndogo kama tundu la pini chini ya manyoya, lakini mate yake yana bakteria wanaoweza kumuua ndege ndani ya siku moja au mbili kama hapati dawa. Mtu akimwona paka na njiwa, hata kama haoni damu, asijipe moyo kwamba hakuguswa.

Kuna na yule anayepinda shingo, anayezunguka mahali pamoja, anayedonoa nafaka na kuikosa. Hiyo mara nyingi ni dalili ya virusi vya paramiksovirusi, ugonjwa ambao sheria ya Uingereza inawataka wafugaji wa njiwa wa mashindano kuwachanja ndege wao dhidi yake. Binadamu hana la kuogopa sana hapo, ila mwenye kuku uani amweke mgeni mbali nao kabisa, na hilo ni kwa njiwa yeyote wa kuokota, mgonjwa au mzima. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika.

Siku ya tatu ni ya jembe, na jembe lenyewe ni kusoma pete. Kinda akiwa na umri wa wiki moja hivi, mfugaji hupitisha vidole vyake vitatu vya mbele ndani ya pete, hulaza cha nyuma sambamba na mguu, na kuipandisha. Siku chache baadaye mguu umenenepa na pete haitoki tena bila kukatwa. Ndicho cheti chake cha kuzaliwa, na kama vyeti vyote kina utaratibu. Herufi hutaja chama au nchi: GB ni ya Royal Pigeon Racing Association, ambayo makao yake ni Cheltenham, SU ni ya Uskoti, WHU ya Wales, IHU ya Ireland, NEHU ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Waliovuka bahari huja na BELG ya Ubelgiji, NL ya Uholanzi, DV ya Ujerumani au PL ya Poland. Tarakimu mbili ni mwaka wa kuzaliwa, na zinazobaki ni namba yake mwenyewe. Yote hayo yamezungushwa kwenye kijiti chembamba kuliko penseli kilichopakwa kinyesi, kwa hiyo kusoma kwa macho huleta makosa. 6 hugeuka 9, na 3 huonekana 8. Njia rahisi ni kufuta pete kwa pamba iliyolowa na kupiga picha tatu au nne kwa simu huku ikizungushwa taratibu.

Ile pete nene ya mguu wa pili ni ya kielektroniki, ya kumsajili anapokanyaga kizingiti cha banda lake, mwenyeji haimsaidii. Kinachosahauliwa ni bawa. Likifunguliwa kama feni ya mkono, mara nyingine manyoya marefu huwa yamepigwa muhuri wenye namba ya simu ya mwenyewe. Watu wamehangaika na tovuti siku tatu kumbe namba ilikuwa mbele yao.

Mguu wa njiwa umewahi kusumbua hata dola. Mwaka 2023 polisi wa Mumbai, India, walimshika njiwa karibu na bandari. Miguuni alikuwa na pete, na mwilini maandishi yaliyofanana na ya Kichina, wakamshuku kuwa jasusi. Alikaa miezi minane, sehemu kubwa ndani ya hospitali ya wanyama, mpaka ilipobainika kwamba ni njiwa wa mashindano wa Taiwan aliyepotea, akaachiliwa mwishoni mwa Januari 2024. Yule wa Melbourne naye, ambaye watu walikuwa wameshampa jina la Joe kwa heshima ya rais mteule wa Marekani, alikuwa na pete iliyoonekana kuwa ya Marekani. Maofisa wa Australia wakasema ndege aliyevuka Pasifiki ni hatari ya magonjwa, hana budi kuuawa. Kilichomwokoa ni chama cha wafugaji wa Marekani kusema, Januari 2021, kwamba pete hiyo ilikuwa ya kughushi. Maofisa wakaridhika kwamba Joe pengine ni mwenyeji wao tu, wakamwacha. Na namba za pete hazizeeki. Katika kijiji cha Bletchingley, Surrey, mifupa ya njiwa wa Vita vya Pili ilitolewa ndani ya dohani ikiwa na kikopo chekundu cha ujumbe wa siri. Habari zake zilipotangazwa mwaka 2012, wataalamu wa serikali waliushindwa ujumbe, lakini namba za njiwa zilizoandikwa humo, moja ikianza na NURP 40, zilisomeka mara moja kwa yeyote anayejua mtindo: herufi za chama, kisha mwaka wa 1940.

Namba ikishapatikana, hupelekwa kwa chama husika. Vingi vina fomu kwenye tovuti zao ya kutolea taarifa za njiwa aliyeokotwa. Chama humtafuta mmiliki kwenye daftari lake. Kisheria ndege bado ni mali ya mtu, kwa hiyo kumfungia ndani kwa kuwa watoto wamempenda haifai. Mfugaji akipatikana, majibu yake huwa ya namna tatu. Wa kwanza husema apumzishwe siku mbili zaidi kisha aachiliwe, atafika. Wa pili hutuma kampuni ya usafirishaji inayobeba ndege hai, nayo huja na boksi lake maalumu. Wa tatu husema hamtaki tena, kwa sababu njiwa asiyerudi amefeli mtihani. Wengine hupendekeza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anyongwe shingo. Jibu hilo limewashtua wengi waliokuwa wamekesha na boksi, na mshtuko huo una haki yake, ingawa wapo pia wafugaji wanaoendesha gari kwa saa nne kumfuata kinda mmoja. Lililo la busara ni kuomba pale pale, kwa maandishi, kwamba mmiliki ameachia haki yake, kisha kumtafutia njiwa banda lingine kupitia watu wanaookoa njiwa. Asiachiliwe mjini kama wa stesheni. Amezaliwa akijaziwa bakuli, hajui kutafuta.

Kama ni kuachiliwa, iwe asubuhi, anga likiwa wazi, mvua haipo na upepo ni mdogo. Aliyeshiba na kunywa, anayepiga mbawa ndani ya boksi na kumdonoa anayemshika, huyo yuko tayari. Mpole anayejiachia kubembelezwa bado. Boksi liwekwe mahali peupe pasipo miti wala nyaya, lifunguliwe, watu warudi nyuma. Hakuna haja ya kumrusha juu kama mpira. Atapanda ukingoni, atatazama pande zote kwa dakika kadhaa, ataruka na kuzunguka mara moja au zaidi kabla ya kushika uelekeo. Watafiti wa Oxford waliowafunga njiwa vifaa vidogo vya GPS mgongoni waliona kwamba wakishaizoea nchi hufuata barabara kuu, na hata hukunja kona kwenye kipilefti. Kinda aliyepotea hana barabara za kukumbuka. Anategemea jua na dira iliyo mwilini mwake, kwa hiyo siku ya mawingu mazito ni kumpoteza mara ya pili. Akirudi roshani jioni ileile, asionewe aibu. Apewe maji, na siku nyingine zihesabiwe upya.

Kwa msomaji aliye Mombasa, Voi au Singida, pete ya njiwa wa Ubelgiji haitarajiwi, lakini miguu yenye pete ipo huko pia. Ndege wa porini wanaohama kutoka Ulaya na Asia kila mwaka huvalishwa na watafiti pete nyepesi za chuma, na kilima cha Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi ni moja ya sehemu mashuhuri za kazi hiyo tangu mwaka 1969. Pete hizo huandikwa jina la jumba la makumbusho au anwani ya intaneti pamoja na namba. Hakuna mmiliki wa kutafutwa hapo. Kinachotakiwa ni kunakili namba, tarehe na mahali, na kuvituma. Ndege akiwa hai, pete isiondolewe kamwe.

Roshani nayo ina haki yake. Kinyesi kilichokauka kisifagiliwe kavukavu, maana vumbi lake likivutwa linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Kilowekwe kwanza kwa maji ya sabuni, kisuguliwe baada ya robo saa, mfagiaji akiwa amefunika pua. Gazeti na boksi viende kwenye taka siku hiyohiyo. Nafaka zilizomwagika ziokotwe kabla ya giza kuingia, kwa kuwa panya wa Uingereza wana pua kali. Na yale mahindi ya bisi yaliyobaki kwenye pakiti, bibi anajua pa kuyapeleka: sufuria, mafuta kidogo, na kifuniko kinachobana.